Skrini Isiyoshika Vumbi

Skrini mpya sikuziweza. Niliziangalia tu dukani mjini Lilongwe, zimepangwa ukutani zikionyesha maua, kisha nikasema zikomo, asante ya Wamalawi, nikatoka.

Kompyuta ya mwanangu Douce ilikuwa nzima, ila kioo chake kilipasuka mvua ilipoangusha tofali juu ya meza. Watu fulani walikuwa wamempa kazi ya majaribio, kuchapa maandishi kupitia mtandao. Akimaliza vizuri kabla ya Jumatatu, anaajiriwa. Asipomaliza, tunaendelea kutegemea cherehani yangu na posho ya wakimbizi inayopungua. Kwa hiyo nilihitaji skrini yoyote ya kuchomeka pembeni, ya bei ya mtu kama mimi.

Adolphe, jirani yetu pale kambini Dzaleka aliyemfundisha Douce kompyuta, alinipa masharti kabla sijaondoka.

"Mama Douce, usiuze bila kuwasha," alisema. Kwetu Bukavu kuuza na kununua vinachanganyika mdomoni. "Weka picha nyeupe, kisha nyeusi, uangalie kama kuko madoa. Ikiwa na mustari, acha."

Nilizunguka soko la vitu vilivyotumika mpaka miguu ikauma. Moja ilikuwa na mistari. Nyingine ilikuwa ya njano kama macho ya mgonjwa wa ini. Nyingine haikuwaka kabisa, na mwenye nayo akaapa kwamba itawaka nikifika nyumbani. Ndipo mama mmoja wa mitumba akanielekeza mtaa wa Chinsapo, kwa Mrundi anayeitwa Mama Arakaza. Anauza skrini zilizotoka maofisini, alisema. Nzuri, na bei yake ndogo.

Nilifika jua likizama.

Chumba kilikuwa nyuma ya kinu cha mahindi. Unga na vumbi vilikuwa vimekaa juu ya kila kitu: mlango, kiti, nyaya, hata nyusi za mwenye chumba. Lakini skrini ziling'aa. Zilipangwa kutoka sakafuni hadi karibu na bati, na hakukuwa na chembe ya vumbi hata kwenye moja.

Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya kitu kilichooza. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na homa.

Mama Arakaza alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri wangu. Alizungumza akiwa ameshikilia ncha ya kitenge mbele ya mdomo, kama mtu anayeumwa jino.

"Chagua," alisema kwa sauti ya chini. "Zote ziko nzima."

Nilichagua. Nikawasha. Picha nyeupe, safi. Picha nyeusi, safi. Nilipitisha kidole juu ya kioo kutafuta mikwaruzo, na kidole kikateleza. Kilikuwa na unyevu kidogo... uliovuta, kama ute wa bamia. Nikajifuta kwenye sketi. Nilidhani ni dawa ya kusafishia.

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko ya ile iliyokataa kuwaka. Nikalipa. Halafu nikafanya kile ninachofanya kila siku sokoni bila kufikiri.

"Na basela?"

Ndivyo Wamalawi wanavyoita. Sisi tunaita matabishi. Ni ile nyongeza ya muuzaji juu ya ulichonunua: nyanya moja, kiganja cha maharage. Ukiondoka bila hiyo unajiona umeibiwa.

Mama Arakaza akakaza kitenge mdomoni.

"Hii haina basela," alisema. "Beba, mama. Wende. Giza inaingia."

"Dada, hata nyanya ziko na matabishi. Mi natoka mbali, Dzaleka. Unanirudisha mikono mitupu?"

"Umebeba skrini."

"Skrini nimelipa."

Macho yake yalilowa. Kisha akasema, polepole sana, kwa ile njo yetu ya kusema ndiyo:

"Njo we mwenyewe unaomba. Sema tena."

"Nipe basela yangu."

Akacheka. Kitenge kikateleza, nikaona.

Ulimi wake ulikuwa wa kijivu. Vumbi lilikuwa limegandia juu yake kwa tabaka, limepasukapasuka kama kisigino.

Alichomoa kitu kifuani, akakiweka juu ya skrini. Kitambaa, kimekunjwa vizuri, cha rangi ya waridi iliyofifia. Kilikuwa na joto la mwili wake.

"Cha kufutia," alinong'ona. "Usikifule na sabuni."

Lakini ni kitu cha bure. Nikakishika kwa ncha za vidole, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda kutafuta gari la Lumbadzi la kurudi kambini.

Nyumbani Douce alikuwa akinisubiri mlangoni. Aliruka aliponiona na ile skrini.

"Mama! Weee! Ni kubwa kuliko ya Adolphe!"

"Chomeka kwanza, ndiyo ushangilie."

"Na mi, matabishi yangu iko wapi?" Alikuwa akinitania. Tangu utotoni, nikitoka mjini, ananipekua mifuko. "Njo nilikungojea siku muzima bila biskuti?"

Nilichoka. Nikampa ule mfuko. "Chukua. Cha kufutia."

"Eeh, mama! Kiko vuguvugu." Akakunja uso, lakini akakichukua.

Asubuhi yake nilikifua. Mimi si mtu wa kuambiwa usifue kitu kichafu. Sabuni haikutoa povu. Maji yakawa mazito, yakavuta nyuzi kati ya vidole vyangu, na nilipokikamua nikahisi kwenye kiganja vinundu vidogo vidogo, vigumu, vyote vimelala upande mmoja. Nimeosha ulimi wa ng'ombe mara nyingi kabla ya kuupika. Najua unavyoshikika.

Nilikitupa chooni. Nilisikia kilivyotua huko chini, nikatapika palepale ukutani.

Jioni nilikikuta juu ya skrini.

Kimekunjwa. Kisafi kabisa, hakina hata harufu ya choo.

Nilijiuliza nani amekitoa. Kisha nikajiuliza amekisafisha kwa kitu gani, kwa sababu maji ya ndoo yalikuwa palepale nilipoyaacha, na sabuni kavu.

"Douce, njo we umekitoa kule?"

"Kutoa nini?" Hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vikikimbia juu ya vitufe. Alikuwa akifanya kazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Acha nimalize, mama."

Alimaliza mapema. Wakamkubali. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, nikapika wali na samaki. Douce alitia tonge moja mdomoni, akalitema mkononi.

"Iko na bulongo."

"Udongo wapi? Nimechambua mchele mwenyewe."

"Yote iko na bulongo, mama. Hata maji."

Aliacha kula. Aliacha kunywa. Alianza kuzungumza na kiganja mbele ya mdomo. Yeyote aliyeishi Dzaleka katika kiangazi anajua vumbi letu jekundu. Linaingia kwenye sufuria iliyofunikwa, linaingia ndani ya Biblia. Nyumbani kwetu lilikaa juu ya kila kitu kama kawaida. Isipokuwa skrini. Baadaye skrini na meza. Baadaye skrini, meza, na kioo cha dirisha.

Niliona, nikajiambia kwamba msichana amejifunza usafi.

Kisha ikaja jioni ile. Nilikuwa nimefunga cherehani kabla giza halijashika. Umeme ulikuwepo, mwanga mweupe wa skrini ulionekana chini ya pazia la chumba cha Douce. Sikusikia vitufe.

Nilisikia kitu kingine.

Nyap... Nyap... Nyap...

Kama mbwa anayekunywa maji, lakini taratibu. Na ile harufu ya homa, nzito mpaka nikaionja.

Nikafungua pazia.

Douce alikuwa amesimama, mikono mezani, uso kwenye kioo. Alikuwa akilamba. Kutoka chini hadi juu, kwa utulivu, kama ng'ombe anavyomlamba ndama wake. Mate yaliteremka kwenye fremu, yakadondoka mezani, naye akainama akayafuata.

"Douce," nilinong'ona.

"Bado kidogo, mama. Kuko vumbi."

Hakukuwa na vumbi. Kulikuwa na mwanga mweupe tu. Na upande mmoja wa kioo, mbali na uso wake, ukungu wa pumzi ukatokea. Ukapotea. Ukatokea tena. Halafu alama ya unyevu ikapanda polepole, pana, kutoka chini hadi juu...

Kwa ndani.

Nikachomoa waya. Douce akageuka. Ulimi ulikuwa bado nje, wa kijivu, umeanza kupasuka. Alijaribu kuurudisha ndani na haukuingia wote. Alikuwa akilia bila sauti, mwanangu, na machozi yalipofika kwenye midomo akayalamba.

Kesho yake nilirudi Chinsapo nikiwa na ile skrini kichwani na kitambaa ndani ya chupa iliyofungwa. Chumba cha nyuma ya kinu kilikuwa wazi, kitupu. Mwenye kinu, Mmalawi mzee mwenye adabu, aliniletea kiti. Kwa Kichewa changu kibovu na ishara za mikono, tulielewana.

Mama Arakaza alihama jioni ileile niliyonunua. Alikuja kwanza kwa huyo mzee kuomba maji. Mzee alishangaa, maana tangu apange chumba, miaka mingi, hakuwahi kumwona akila wala kunywa. Alikunywa kikombe, akaomba kingine, akakaa chini akicheka na kulia. Alisema ni matamu.

"Alikuwa na kitu," mzee alisema, "ambacho hakiuzwi, na hakitolewi. Mpaka mtu akiombe. Ndivyo alivyoniambia. Sikuuliza zaidi."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyekiomba miaka yote hiyo, wakati Malawi nzima inaomba basela.

Alicheka kidogo. "Wateja wake walikuwa watu wa Capital Hill, maofisa wa serikali. Wanalipa, wanapakia kwenye gari, wanaondoka. Nani anaomba basela ya kompyuta?"

Mimi.

Njiani kurudi nilifikiria jinsi alivyoniambia beba, wende. Sijui kama alinionea huruma, au alijua kwamba mwanamke kama mimi akikataliwa ndipo anapong'ang'ania.

Nilifika nyumbani nimeshaelewa la kufanya. Mimi nilimwomba Mama Arakaza, Douce aliniomba mimi. Basi nimwombe Douce, kirudi kwangu. Mama yeyote angefanya hivyo. Nilimtolea kile kitambaa kwenye chupa, kikamrukia mkononi kama kimemjua. Nikapiga magoti mbele ya kitanda chake.

Alielewa. Alitikisa kichwa kukataa, kisha akanisogelea, na ulimi ule ukaning'inia karibu na uso wangu. Kulikuwa na nzi juu yake. Nzi aliyekwama, akihangaisha mguu mmoja. Nikaona ulimi ukijikunja, ukamvuta ndani.

Nilifungua mdomo niombe. Harufu ikaingia.

Nikafunga mdomo.

Nilijaribu tena baadaye, nikiwa nimefumba macho. Sikuweza. Nimezaa, nimeosha maiti, nimevuka mpaka nikiwa na kidonda chenye funza. Hilo sikuweza.

Niliweka skrini mezani nje, pembeni ya cherehani, niiuze. Nilijiambia nitanunua nyingine mjini, yenye mstari, mradi ni mstari tu. Watu walipita. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipokuja Bora, mke wa Patient, yule bwana anayeonyesha filamu kwenye kibanda karibu na soko. Mtoto wake alikuwa mgongoni, ananyonya ncha ya kitenge.

"Mama Douce, hii njo unauza? Ee, inang'aa hivi! Washa tuone."

Niliwasha. Nyeupe, safi. Nyeusi, safi. Nikataja bei, ndogo. Bora akalipa haraka, akiogopa nisibadilishe mawazo, akaikumbatia skrini.

Nilitamani aondoke. Nasema kweli. Nilitamani aondoke haraka, na nilitamani asiondoke.

Alipiga hatua, akasimama, akageuka na tabasamu.

"Na matabishi, mama?"

"Haina," nilisema.

"We! Hata nyanya ziko nayo. Mushonaji muzima unakosa hata kitambaa?"

Nyuma ya pazia la mlango, ile sauti ya Douce kulamba dirisha ilinyamaza.

Kisha pazia likasogea. Mkono wa Douce ukatoka, mwembamba, umeshika kitambaa cha rangi ya waridi, kimekunjwa vizuri.

"Sema tena," alisema mwanangu, kwa sauti nzito ya mtu mwenye mdomo uliojaa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Bora alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikajifanya natafuta sindano.

Akacheka. Bora akasema tena: matabishi.

Mtoto mgongoni alinyoosha mkono, akakishika kitambaa kabla ya mama yake, akakitia mdomoni.

"Mama," Douce aliita kutoka ndani, kwa sauti yake ya zamani. "Niletee maji."

Nikachukua kikombe.