Mizani ya Marehemu Luhaga

Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Masunga alimpima binti yake kwa mizani ya pamba.

Mizani ilining'inia kwenye boriti ya ghala, nyumbani kwao Nkololo. Iliachwa na baba yake, marehemu Luhaga, aliyenunua pamba maisha yake yote. Kwandu, binti wa miaka kumi na sita, aliketi ndani ya gunia lenye kamba nne, kama mtoto wa kliniki. Mnyororo ulilia, kirii, kirii. Masunga alisogeza pua hadi kwenye mshale.

"Umepanda tena!" alisema. "Mama Kwandu, njoo uone. Mtoto amepona."

Philomena, mama yake Kwandu, alikuja akaona. Mshale ulikuwa umepanda kweli. Lakini mashavu ya mtoto yalikuwa yamebonyea, na midomo imekauka. Akarudi jikoni. Masunga akishaiamini mizani, jozi nzima ya maksai haimrudishi nyuma.

Miezi mitatu kabla, Kwandu alirudi kutoka shule ya bweni akiwa mifupa mitupu. Alikuwa ameacha kula. Alilazwa hospitali mjini Bariadi, akapata nguvu kidogo, akaruhusiwa. Nesi Ernestina, anayehudumia wagonjwa wa akili, aliwaambia: "Mrudisheni kila wiki tuongee naye. Mwili umeanza kupona. Akili bado."

Walikwenda mara moja tu. "Mtoto anaongezeka uzito," alisema Masunga. "Aongee nini tena? Kuongea hata nyumbani tunaongea." Kadi ya kliniki ikalala sandukuni.

Ukafika msimu wa kuchuma pamba. Siku moja, jua likiwa utosini, Philomena alitoka shambani kuja kuchukua maji. Nyumba ilikuwa kimya. Hata kuku hawakulia. Ndipo akasikia sauti kutoka ghalani.

Kirii. Kirii.

Pamba yote ilikuwa bado shambani, sasa nani anapima? Aliteka maji kwanza, kisha akajikaza akasukuma mlango wa ghala. Hakukuwa na mtu. Lakini lile gunia lilikuwa linabembea, taratibu, huku na huku.

Alikimbia nyuma ya nyumba. Bibi, mama yake Masunga, alikuwa kivulini akipepeta choroko.

"Mama, umesikia?"

Bibi hakuinua uso. "Leo siku ya nne. Jua likisimama tu, Luhaga anapima."

"Anapima nini?"

"Anapima mtu. Kuna mtu wa nyumba hii anamtaka. Na chakula ameshaanza kuchukua. Kaangalie kwenye pipa lake."

Pipa la marehemu lilikuwa nyuma ya ghala, limefunikwa kwa bati. Philomena alifunua. Ndani palikuwa na matonge ya ugali, yamepangwa kwa duara. Mengine yalikuwa na ukungu. Mengine yalikuwa ya jana. Kulikuwa na samaki, na michembe, vile viazi vikavu alivyompikia Kwandu kwa karanga. Chakula kile alikijua, maana alikipika kwa mikono yake.

Aliinama kutazama vizuri. Kila tonge lilikuwa na alama za vidole, vidogo na vyembamba. Mzee Luhaga alikuwa na mikono mipana kama jembe. Hapo Philomena aliogopa zaidi kuliko alivyoogopa wafu.

Kesho yake hakwenda shambani. Alijificha ghalani, nyuma ya magunia matupu.

Jua liliposimama, mlango ulifunguka. Kwandu aliingia peku. Alivua gauni lake, akabaki na kanga, akalitundika gauni kwenye msumari. Gauni liligonga ukuta. Ko. Ko. Nguo gani inagonga namna ile? Kwandu akaingia kwenye gunia, akatazama mshale bila kupepesa macho.

"Bado," alinong'ona. "Bado. Bado."

Sauti ilikuwa ya Kwandu, lakini Philomena alihisi kama anamsikia mtu mwingine. Alijitokeza, akashika pindo la gauni. Lilikuwa zito. Ndani ya pindo zilishonewa kokoto, moja baada ya nyingine, kuzunguka lote.

"Kwandu."

Mtoto hakushtuka. Alikuwa amechoka hata kushtuka. "Mayu," alisema, "usimwambie baba. Siku za Jumapili anafurahi sana."

Philomena alilia. Alimtoa mtoto kwenye gunia, akamkalisha mapajani kama mtoto mchanga.

"Nani anakuambia bado, ng'wanone, mwanangu?"

"Simsikii kwa masikio. Ni mawazo yangu, lakini yana nguvu kuliko mimi. Shuleni waliniita Lumbesa, gunia lililojazwa mpaka linafumuka. Nikaacha kula ili wanyamaze. Wakanyamaza. Yeye hakunyamaza."

Siku hiyo hiyo Philomena aliitoa kadi sandukuni, akampigia Nesi Ernestina. Masunga aliporudi, mkewe hakumweleza mengi. Alimwekea gauni mikononi. Masunga alilipapasa pindo, akakaa chini.

Asubuhi walikuwa Bariadi. Daktari alimpima Kwandu damu na mapigo ya moyo kwanza. Kisha Ernestina akaongea naye peke yake, muda mrefu. Baadaye akawaita wazazi.

"Ni ukaidi?" aliuliza Masunga. "Au maringo ya wasichana?"

"Hapana, baba. Wala si laana. Ni ugonjwa, na unatibika. Kwandu ana huzuni ya muda mrefu, tunaiita sonona. Tena ana hofu kubwa ya kunenepa. Asipokula, akili inachoka na hofu inakua. Hofu ikikua, anashindwa kula. Anazunguka humo humo."

"Lakini hospitali alikula!"

"Mwili ulilishwa, hofu ikaachwa. Ndiyo maana chakula kimeishia kwenye pipa. Mizani inapima mwili, baba. Hofu haiipimi."

Philomena aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yake anataka tuchinje mbuzi. Anasema babu anamwita."

"Bibi namheshimu," alisema Ernestina. "Ila kliniki isikatishwe. Na mtoto asiambiwe kuwa wafu wanamtaka. Hofu aliyonayo inamtosha."

Akawaeleza la kufanya. Kwandu aje kila wiki kuongea naye. Uzito upimwe kliniki tu. Nyumbani ale kidogo kidogo, mara nyingi, na asile peke yake. Asigombezwe, na mtu asiuseme mwili wake, hata kwa kumsifu. Akizimia, au akisema anataka kufa, aletwe hospitali saa hiyo hiyo.

Masunga alimgeukia binti yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, Kwandu. Wiki zote hizo nilikuwa nashangilia mawe."

Walipofika nyumbani, aliishusha mizani, akaipeleka kwenye chama cha wakulima. Bibi alinuna siku mbili. Siku ya tatu alibeba sahani yake mwenyewe, akakaa na Kwandu mkekani. Tangu hapo walikula pamoja kila mchana.

Haikuwa kazi rahisi. Kuna siku Kwandu alisukuma sahani akalia. Kuna wiki uzito ulishuka. Lakini safari hii alisema mwenyewe kila aliposhindwa kula, na kliniki hawakuikosa hata mara moja. Wazazi wakamhamishia shule ya kutwa.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Jumamosi moja, saa ya mchana, Philomena alirudi nyumbani na ndoo kuchukua mbegu. Kulikuwa kimya. Kisha akasikia kutoka ndani.

Ko. Ko. Ko.

Ndoo ilimponyoka. Alizijua zile kokoto. Alinyata mpaka dirishani, akachungulia.

Kwandu na Bibi walikuwa mkekani wanacheza mdako. Kokoto ziliruka juu na kudakwa. Kati yao palikuwa na bakuli la michembe, limefika nusu.

"Bibi, unaiba!"

"Mimi? Macho yako hayo!"

Kwandu alicheka. Akachukua kipande cha michembe, akakiinua, mkono ukasimama karibu na mdomo.

"Bado anasema," alisema Kwandu taratibu.

"Nani?"

"Yule wa kichwani."

Bibi alizikusanya kokoto mkononi. "Aseme tu," alijibu. "Wewe kula, halafu ucheze. Zamu yako."

Kwandu alikula.