Mawese Kwenye Rimu

Kila asubuhi kabla ya masomo, Hamdani alifunga madumu mawili ya mawese kwenye keria ya baiskeli na kuyasukuma kutoka nyumbani kwao Kasingirima hadi kwenye kibanda cha mama yake, karibu na soko la Ujiji. Mama yake, Mwanvua, alitangulia kwa miguu na ndoo yake ya kupimia. Wateja wa kwanza walikuwa akina mama wa Kiha. "Mwakeye," waliamkiana, kisha wakaingia kwenye mambo ya bei. Hamdani alishusha madumu, akapewa andazi lake, akaenda shule kwa baiskeli hiyo hiyo, ambayo ilinuka mawese siku zote.

Mwezi huo wa Juni kulikuwa na jambo kubwa kuliko madumu. Mwalimu Veneranda, aliyefundisha jiografia, alikuwa ameunda kikundi cha waendesha baiskeli. Shule ikifungwa wangetoka Ujiji, wapite Mwandiga, wapande milima ya Kalinzi na kuishia Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Njiani wangelala katika madarasa ya shule za wenyeji, na gari dogo lingewabebea chakula na mablanketi. Hamdani hakuwa amewahi kuvuka Mwandiga. Aliitaka safari ile kiasi kwamba hata chakula alikula akiwa anaizungumzia, mpaka mama yake akamwambia ameze kwanza.

Mwalimu Veneranda alikuwa na utaratibu wake wa ukaguzi. Aliwapanga wanafunzi wawili wawili, na siku ya ukaguzi kila mmoja alipanda baiskeli ya mwenzake kwenye mteremko na kusimama kwenye mstari.

"Mtu akijua mwenzake ndiye atakayeipanda, hawezi kuacha nati imelegea," alisema. "Baiskeli isiyosimama itabaki nyumbani pamoja na mwenyewe. Na dereva asiyejua kuisimamisha, naye atabaki."

Hamdani alipangwa na Sia, binti wa Bwana Walter, mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi. Wenzake walimtania Sia kwamba amejifunza baiskeli uzeeni, kwa sababu alianza mwaka jana tu. Kila jioni Sia alikwenda kufanya mazoezi, na magoti yake yalikuwa na makovu ya kutosha kuonyesha hivyo.

Siku ya kuamkia ukaguzi, kazi ya Hamdani ilikuwa kuisafisha baiskeli. Alitakiwa aisugue cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, aikaushe, kisha adondoshee mafuta ya cherehani ambayo mwalimu aligawa kwenye vichupa. Ni kazi ya kuchosha, na siku hiyo kulikuwa na mpira ufukweni. Alikuwa hajasugua hata robo ya cheni pale Clinton, rafiki yake wa jirani aliyekuwa naye kwenye kikundi, alipopita na viatu vya mpira mkononi.

"Mwanangu, unajitesa bure," Clinton alisema. "Kwenu mawese yamejaa ndani, halafu unahangaika na kichupa? Paka hayo. Cheni itateleza yenyewe."

Ushauri wa namna hiyo hauhitaji kurudiwa. Hamdani aliipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani, akaimiminia cheni kikombe cha mawese huku akizungusha pedeli. Mafuta yakaruka huku na huku. Kisha, kwa kuwa kitambaa kilikuwa tayari kimelowa, akafuta nacho rimu zote mbili, vyuma vya duara vinavyobanwa na breki, mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Alipendezwa sana na kazi yake. Akaenda kucheza mpira.

Wakati wa kurudi, mbuzi alikatiza njia. Hamdani akabana breki. Baiskeli haikusikia, iliendelea na safari yake mpaka alipoburuza ndala chini ndipo ikasimama. Aliyashika matairi, akaona raba za breki zimelowa mawese, akaelewa kilichotokea. Jua lilikuwa halijazama na mafuta ya taa yalikuwa nusu chupa nyumbani, lakini alikuwa amechoka. Akajiambia kwamba yatakauka hadi asubuhi.

Mawese hayakauki. Asubuhi za Juni zina ubaridi, na mafuta yalikuwa yameganda kwenye rimu, yamenata vumbi juu yake, hata usingejua kuna kitu.

"Umeisafisha?" Sia alimuuliza walipokutana juu ya mteremko unaoshuka ziwani.

"Yote. Mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, kila kitu."

"Sawa," Sia alisema, akampa baiskeli yake na kupokea ya Hamdani.

Hamdani alitangulia. Baiskeli ya Sia ilishuka vizuri na kusimama juu ya mstari ambao mwalimu alikuwa ameuchora kwa kijiti. Akasogea pembeni, akatazama juu. Sia alikuwa anapanda kwenye tandiko. Hamdani angeweza kupaza sauti wakati ule. Alifungua mdomo, akawaza milima ya Kalinzi ambayo angeikosa, akaufunga.

Sia alishuka polepole mwanzoni, kisha kwa kasi. Vidole vyake vilikuwa vimebana breki mpaka vikapauka. Aliupita mstari, mwalimu akaruka kando, na baiskeli ikaingia moja kwa moja kwenye nyavu zilizotandazwa juu ya mchanga na kuanikiwa dagaa. Mama Yunisi, mwenye dagaa, alisimama na kopo lake la chai mkononi asijue aanzie wapi.

"Watoto wa shule nao," alisema hatimaye. "Dagaa wangu wamekosa nini?"

Sia aliinuka. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu na nywele zilikuwa zimejaa magamba. Mwalimu Veneranda alimfuta jeraha, akamfunga kitambaa, kisha akaiinua baiskeli na kuzungusha gurudumu. Alipobana breki, gurudumu lilisimama papo hapo. Mchanga ulikuwa umenata kwenye rimu pande zote, na raba zikashika mchanga.

"Breki zinafanya kazi," mwalimu alisema. "Hamdani, zilikuwa na tatizo lolote?"

"Hapana, mwalimu."

"Nilibana," Sia alisema. "Nilibana kwa nguvu." Aliitazama mikono yake kwa muda. "Labda sikubana sawasawa."

Mwalimu alimpenda mtoto yule kwa bidii yake, na alichotaka kusema hakikumfurahisha. "Sia, huko Kalinzi kuna miteremko mirefu kuliko huu mara nyingi. Siwezi kukupeleka. Tutajaribu tena mwakani."

Sia hakulia mbele yao. Alimwomba radhi Mama Yunisi, akachukua baiskeli yake kutoka kwa Hamdani, akaisukuma kwa mkono mmoja kurudi kwao. Hamdani alihisi nafuu. Nafuu hiyo ilidumu mpaka mwanzo wa kilima, pale Clinton aliposema, "Si nilisema? Yule dada na baiskeli wapi na wapi," na wenzake wakacheka. Hapo Hamdani aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio.

Nyumbani alitoa mafuta ya taa, mswaki na kitambaa kisafi. Mpango ulikuwa rahisi: aisugue baiskeli mpaka isibaki na alama hata moja, na habari iishie hapo. Alikuwa amechuchumaa hivyo mama yake aliporudi kutoka sokoni. Mwanvua aliweka ndoo chini, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama. Kilikuwa chekundu na kina mchanga.

"Nasikia mtoto wa Bwana Walter ameanguka," alisema.

"Ndiyo, mama. Kaumia kiwiko kidogo."

"Na wewe?"

"Mimi sikuanguka."

"Sikukuuliza habari ya kuanguka," Mwanvua alisema, akaingia ndani.

Hamdani alibaki na mswaki mkononi. Akiisafisha sasa, hakuna atakayejua milele. Na Sia ataendelea kuamini kwamba mikono yake haifai. Wazo hilo la pili ndilo lililomshinda. Akapiga moyo konde, akarudisha mafuta ya taa mahali pake, akaisukuma baiskeli jinsi ilivyo, na mchanga wake na magamba yake, hadi nyumbani kwa mwalimu.

Mwalimu Veneranda alikuwa anachambua maharage barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona baiskeli bado chafu?"

"Nimeiacha ili uione. Nilipaka mawese kwenye cheni, na kwenye rimu. Jana jioni nilijua haisimami. Sia hakukosea chochote."

Mwalimu aliweka ungo chini. Alikuna rimu kwa ukucha, akaona wekundu chini ya mchanga. Hakumfokea, na Hamdani angependa kufokewa kuliko kutazamwa vile.

"Wa kuambiwa maneno haya si mimi, ni Sia," alisema. "Twende."

Kwa Bwana Walter, Sia alikuwa amekaa mlangoni, kiwiko kikiwa kimefungwa. Hamdani alirudia yote mbele yake na baba yake, macho yakiwa chini. Bwana Walter alikunja uso lakini akamwachia binti yake aongee.

"Ulikuwa umesimama pale chini," Sia alisema. "Uliniona nashuka."

"Ndiyo."

"Na mwalimu alikuuliza, ukasema hapana."

"Ndiyo. Nisamehe, Sia."

"Nimeshinda nikibana hewa tangu asubuhi," Sia alisema, na sasa ndipo sauti ikamkatika. "Nilidhani vidole vyangu vina kasoro."

Mwalimu Veneranda alimwambia kwamba yeye pia alikosea, kwa kumhukumu kabla ya kufuta mchanga kwenye rimu, na akamwomba radhi mbele ya baba yake. Nafasi ya Sia ilirudi palepale. Ya Hamdani ilikuwa jambo lingine. Angepewa ukaguzi mmoja wa mwisho, na kabla ya hapo amalize deni lake kwa Mama Yunisi.

Kesho yake Hamdani alishinda ufukweni akipepeta mchanga kutoka kwenye dagaa, huku Mama Yunisi akimwonyesha kila punje aliyoisahau. Aliporudi aliosha cheni kwa mafuta ya taa, akasugua rimu kwa sabuni na majivu, akanunua raba mpya za breki. Safari hii hakuna aliyemwita mpirani.

Kikundi kilikusanyika tena juu ya mteremko. Utaratibu ulikuwa ule ule: baiskeli ya Hamdani lazima ipandwe na mtu mwingine.

"Nani ataipanda?" mwalimu aliuliza.

Clinton alianza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hamdani alitazama kila uso, na kila uso ulitazama ziwani. Hakuna adhabu ya shule iliyowahi kumuumiza kama nyuso zile. Alikuwa anajiandaa kugeuza baiskeli arudi nyumbani Sia aliposogea.

Sia hakuipanda mara moja. Alizungusha gurudumu la mbele, akabana, akazungusha la nyuma, akabana. Alipitisha kidole kwenye rimu, akakinusa. Ndipo akapanda, akashuka mteremko kwa kasi ile ile ya juzi, na kusimama tairi la mbele likiwa juu ya mstari. Alitua mguu chini na kutazama juu.

"Inasimama," alisema.

Mwalimu Veneranda aliwakusanya wote karibu na baiskeli ile. "Sikilizeni," alisema. "Kupaka mawese lilikuwa kosa la kutojua, na kosa hilo ningemsamehe Hamdani siku ile ile kama angelisema. Kilichomponza ni kunyamaza wakati mwenzake anaumia na kubeba lawama isiyo yake. Huko milimani mtafuatana, mbele na nyuma. Nitawauliza mko sawa, na nitaamini mtakachosema. Anayedanganya barabarani anahatarisha maisha ya mtu. Ukikosea, sema mapema, hata kama itakugharimu safari."

Siku ya kuondoka walijipanga mbele ya shule, kofia ngumu vichwani. Hamdani alimwambia Sia kwamba ameshakagua baiskeli, yuko tayari. Sia aliteremka kwenye yake, akainama, akabana breki za Hamdani yeye mwenyewe, mbele na nyuma, wenzao wote wakitazama. Hamdani hakununa. Alishikilia usukani imara ili amrahisishie kazi, akasubiri mpaka aseme twende.