Edda ya Shadya Ilivyokwisha

Nilimwacha mke wangu Shadya kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja. Mama yangu alikuwa amelala ndani, hajaoshwa bado, na mimi nimesimama uani kwetu Usagara na simu mkononi.

Nilisema hivi: "Shadya, mama amefariki. Nimekupigia mara kumi na tisa. Kuanzia leo nimekuacha, talaka moja. Kaa na kazi yako."

Rafiki yangu Rama alikuwa pembeni, akasikia yote.

"Kombo, umesema nini?"

"Umesikia."

"Futa. Hajasikiliza, futa upesi."

"Talaka haifutwi kwa kidole, Rama."

Ilikuwa tarehe nne Machi. Alasiri tukamzika mama.

Mimi ni fundi wa mafriji, shule niliishia darasa la saba. Shadya ni binti wa Pongwe, na kichwa kama chake sijakiona. Tulioana miaka saba nyuma. Mwaka wa tatu wa ndoa akaenda Ujerumani kumalizia uhandisi, akaajiriwa na kampuni inayotengeneza satelaiti ndogo. Alipoingia walikuwa watu kumi na wanane. Sasa wamepita mia mbili.

Watu wakiniuliza mke wako anafanya nini huko, nawaambia anatengeneza satelaiti. Wanauliza, "Yaani anafunga madishi?" Nacheka nao, lakini inaniuma.

Yeye alitaka nimfuate.

"Huku mafriji yanaharibika pia, Kombo."

"Nije nikubebee mkoba?"

"Uje ulale na mkeo."

Sikwenda. Nilisema mama mgonjwa, na kweli alikuwa mgonjwa. Lakini pia niliona aibu kwenda kuwa mume wa injinia, nisiyejua hata kusoma kibao cha njiani. Hilo sikulisema.

Siku ya pili ya msiba, asubuhi, akapiga. Alikuwa analia.

"Innalillahi, Kombo. Mama yangu mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mitambo. Satelaiti tumeirusha, imefika juu ikaanza kupinduka-pinduka. Haipati jua, betri inakwisha. Inapita juu yetu dakika nane tu, halafu inazama upande wa pili wa dunia, tunangoja irudi. Programu ya kuituliza niliiandika mimi. Hakuna mwingine wa kuirekebisha."

"Muda wote huo?"

"Saa thelathini sijatoka."

"Ujumbe wangu hukuuona?"

Angeweza kunidanganya pale na ningemwamini.

"Niliuona ule wa kwanza. Umeandika mama kazidiwa. Nikasema mama kashazidiwa mara tano na mara zote kainuka. Nikaitia simu kwenye droo."

"Na chuma chako kimepona?"

"Kimepona."

"Hongera."

"Kombo, nimekosa. Sikatai. Lakini ile sauti uliyotuma, ulikusudia?"

"Isikilize tena."

Nikakata simu.

Hasira yangu haikumaliza mwezi. Arobaini ya mama haijafika, nilikuwa naamka namtafuta Shadya kwenye simu, naangalia picha yake, naifunga. Rama akaniona.

"Mrejee mkeo, bwana. Talaka moja hii. Ni kusema nimekurejea, basi. Hata mahari hutoi."

"Nimemwacha kwa simu, nimrejee kwa simu? Mimi mtoto?"

"Sasa unangoja nini?"

"Anakuja mwisho wa mwezi wa tano kuzuru kaburi. Nitakwenda Pongwe nimevaa kanzu, nimrejee mbele ya ami yake. Kwa heshima."

"Edda haitakuwa imekwisha? Ikiisha humrejei kwa neno tu."

"Edda miezi mitatu. Nne Machi, nne Juni. Siku zipo."

Rama akajikuna kichwa. "Kamuulize sheikh."

"Nikamwambie sheikh nimeacha mke kwa simu, mama hajaoshwa?"

Sikuuliza.

Mwezi wa nne Shadya aliandika: "Umekula?" Niliusoma mara nyingi sana, sikujibu. Nilikuwa natunza maneno yangu kwa ajili ya Pongwe.

Akaandika tena: "Wamenipa kuongoza timu ya mainjinia kumi na wawili. Mkataba miaka minne. Sijasaini bado. Una neno?"

Nikajibu: "Tutaongea ukija."

Tarehe kumi Mei ukaingia mwingine: "Nimesaini."

Nikaandika: "Hongera." Safari hii nilimaanisha. Nilidhani ananipa habari njema.

Tarehe ishirini na tano nikaenda Pongwe, mimi na Rama. Mzee Jumbe, ami yake Shadya aliyemlea, akatukaribisha sebuleni. Shadya akaja akakaa karibu na mlango. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Sema lililokuleta."

"Ami, niliteleza. Nimekuja kusema mbele yako kwamba nimemrejea mke wangu."

Mzee Jumbe akamtazama Shadya, kisha mimi.

"Mke yupi?"

"Shadya, ami."

"Shadya si mkeo tena."

"Miezi mitatu bado siku kumi, ami. Nimehesabu."

"Nani alikwambia ni miezi mitatu?"

"Watu wote wanasema."

Shadya ndiye aliyejibu, tena bila kuinamisha uso.

"Miezi mitatu ni ya mwanamke asiyeona siku zake, Kombo. Mimi naziona. Edda yangu ni twahara tatu, kutoka damu hadi damu, na zilitimia tarehe kumi Mei. Siku sitini na saba."

Nyuma yangu Rama akasema taratibu, "Nilikwambia ukamuulize sheikh."

"Nyamaza, Rama." Nikamgeukia mzee. "Basi tufunge ndoa upya. Leo hii. Mahari natoa, na wewe walii wa kumwozesha upo."

"Mimi nipo," mzee akasema. "Lakini kinywa ni chake. Nendeni upenuni mkazungumze, mlango uwe wazi."

Tukakaa upenuni, mkeka katikati yetu.

"Mbona hukuniambia siku zinakwisha?"

"Nilikuuliza kama una neno."

"Sikujua ndilo unaloniuliza."

"Ulitaka nikuombe unirudishe? Aliyeacha ni wewe." Akafuta uso kwa mtandio. "Simu sikuitia tena kwenye droo. Kazini wakanizoea, naingia nayo kila mahali. Ungeandika neno moja tu, hata bila salamu, ningekuwa mkeo."

"Nilitaka kuja kwa heshima."

"Heshima ya nani, Kombo?"

Nikavuta uzi uliochomoka kwenye mkeka.

"Ile asubuhi nilipoona damu ya tatu," akasema, "nilikaa bafuni nikalia mpaka mwenzangu ninayeishi naye akaja kugonga. Halafu nikaenda kazini nikasaini."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Mapenzi hayana edda."

"Basi kubali."

"Nikubali, halafu? Wewe huji kule. Mimi siwezi kuwatupa watu kumi na wawili niliokwisha kuwapa sahihi yangu. Na siku nyingine nikichelewa kushika simu, utasema nini? Nitafanyaje kazi ile huku naogopa mdomo wako?"

"Sitarudia."

"Hujui. Hata mimi nilijua mama atainuka." Akasimama. "La mama ni kosa langu, nitalibeba. La talaka ni lako, sikusaidii. Nioneshe kaburi."

Nilimpeleka. Akasimama nje ya ua wa makaburi, akamsomea mama Fatiha, akamwambia, "Nisamehe, mama, nilichelewa." Kisha akaniangalia akasema, "Kula, Kombo. Unakonda." Siku ya tatu akaondoka.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Wapo wanaoniuliza ile sauti ya sekunde kumi na moja iligharimu nini, nami nawajibu bila kupamba. Mke mmoja. Miaka saba ya ndoa, minne kati yake ya kungojana. Simu moja ya Shadya kila Ijumaa baada ya swala, ambayo sasa hailii. Mzee mmoja wa Pongwe aliyekuwa akiniita mwanangu, ambaye sasa tukikutana ananiita Bwana Kombo. Watoto hatukuwa nao, kwa hiyo hapo hakuna cha kuhesabu.