Herufi za Stesheni

Stesheni ya Tabora ilifurika siku ile: vikapu, kuku, madumu ya asali kutoka Sikonge, na treni ya Mwanza imechelewa. Katikati ya msukosuko huo kijana wa suruali ya kaki alikuwa amesimama juu ya sanduku, akipima tao la mlango kwa uzi. Josepha, katika gauni lake la maua lililopigwa pasi likanyooka, alikuwa akitembea huku akitazama reli tu. Akajikwaa kwenye lile sanduku, kijana akaporomoka.

"Pole, dada. Nilikuwa napima O."

"O gani? Huo si mlango?"

Jina lake Anselm, seremala. Akamfunulia daftari. "Tazama. Tao likikutana na mwenzake, umepata O. Paa ni A, nguzo ni I. Nabuni herufi kutoka jengo hili, kwa bikari na rula tu."

Josepha akacheka, maana yeye alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha misheni. "Ukizichonga, niletee."

Alizileta baada ya miezi minne, seti nzima ya mti wa mninga, zinang'aa. Josepha akashika kichwa.

"Seremala wangu! Umezichonga kama zinavyosomwa! Herufi ya kuchapa huchongwa kinyume, inyooke karatasini."

"Miezi minne, Josepha!"

"Basi anza tena. Mimi nipo."

Akaanza tena, na alipomaliza, walikuwa wameshapendana. Herufi zake zikachapa matangazo ya minada, ya sikukuu, ya mechi za mpira. Watu walizisoma toka ng'ambo ya barabara bila kukunja macho. Sifa zikafika Dar es Salaam, na mwenye kiwanda mmoja akamwita akamchongee seti tatu.

"Mwaka mmoja tu, mpenzi, kisha nakuja kwenu na posa," alisema Anselm.

"Utaniandikia?"

"Barua zako si kaka zako huzisoma kwanza?"

"Niandikie kinyume basi! Kwetu hakuna atakayeweza kusoma ila mimi." Alisema kwa utani, akampiga begani.

Mwaka ukapita. Haikuja barua wala salamu. Mwalimu Wenceslaus, mtu mpole, akaleta posa, na Josepha akaikataa mara mbili.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo, mwanangu," baba yake alimwambia.

Mwezi wa kumi na nane akakubali. Tangazo la ndoa alilipanga mwenyewe, kwa herufi za Anselm, kwa kuwa vichwa vyote vya matangazo vilichapwa nazo. Likakaa mlangoni pa kanisa Jumapili tatu. Hakuna aliyepinga.

Mwezi mmoja baada ya harusi, Anselm aliingia kiwandani na shati jeupe, kofia mkononi. Alikuwa ameshaiona pete kidoleni mwa Josepha.

"Kwa nini, Josepha?"

"Wewe ndiye uliyenyamaza!"

"Nilinyamaza? Hukupata ubao wangu? Nilichonga kinyume, kama ulivyotaka. Fundi wa treni aliufikisha kwenu, akaupokea mama yako."

Josepha akashika meza. "Ulisemaje?"

"'Josepha, ningoje.' Kazi iliongezeka, nikaogopa utachoka."

Josepha alitamani kumshika mkono, lakini alikuwa mke wa mtu, tena mtu mwema.

"Nenda, Anselm. Treni ya Dar inaondoka saa kumi."

"Kwaheri, mpanga herufi wangu."

Josepha akaenda moja kwa moja kwa mama yake, Veneranda, akamkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama. Uko wapi ubao ulioletwa na mtu wa treni?"

"Marahaba. Ule wa michoro?" Mama akashusha ungo. "Niliona alama zimegeuka nyuma mbele, nikajua ni uchawi. Mtu anataka kukufunga usiolewe! Nikauchoma siku ileile. Sikukwambia, nisikutie hofu."

Alisema kwa fahari ya mama aliyemwokoa mwanawe. Josepha akakumbuka alivyomwambia Anselm aandike kinyume. Utani ulikuwa wake mwenyewe.

Akarudi kiwandani. Akatoa herufi za mninga moja moja, akazipanga, akazipaka wino, akachapa karatasi moja tu: JOSEPHA, NINGOJE. Akaisoma kwa mara ya kwanza huku filimbi ya treni ikilia upande wa stesheni. Akalia mpaka kola ya gauni ikalowa.

Kisha akazifuta wino, akazirudisha kila moja kwenye kisanduku chake, kwani asubuhi palikuwa na tangazo la mnada wa ng'ombe.