Ujumbe Alioufuta Lea

Lea Kalinga alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akisoma darasa la sita mjini Mafinga. Kila asubuhi aliamka ukungu ungali umetanda juu ya misonobari, akawasha moto kwa mabanzi, mabaki ya mbao za kiwandani, akachemsha chai, kisha akaenda kumwamkia babu yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Haya, nisomee simu."

Kusoma simu ilikuwa kazi ya Lea. Macho ya Babu Sedekia yalikuwa yamechoka kwa uzee na vumbi la mbao, na herufi ndogo za kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, hakuziona tena. Lea alimsomea kila kilichoingia: matangazo ya vocha, habari za kanisani, na mara chache salamu za mama yake aliyeuza mitumba Mbalizi, kule Mbeya. Baba yake Lea alipofariki, mama aliolewa upya, na sasa alikuwa na watoto wengine wawili. Lea alikuwa amewaona mara moja tu.

Babu alikuwa amefanya kazi katika viwanda vya mbao tangu ujana wake. Mwezi wa tatu alitimiza miaka sitini, akastaafu. Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Bibi alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Wenzake wa kiwandani walipita kumjulia hali mara mbili tatu, halafu wakaacha. King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, Babu aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa, kisha akakiinamisha taratibu. Siku nyingine yeye na Lea walikula ugali mpaka ukaisha bila mmoja kumsemesha mwenzake. Shuleni nako Lea hakuwa na mtu. Rafiki yake Happy alikuwa amehamia Njombe na wazazi wake.

Jioni moja Babu alivunja ukimya.

"Mafao yangu ya kustaafu yakitoka, nitarudi kijijini Kilolo nikalime. Mji si mahali pa mtu asiye na kazi. Wewe utakwenda kwa mama yako, Mbalizi."

Lea aliacha kutafuna. "Yatatoka lini, Babu?"

"Sijui. Watanipa fungu langu mara moja, basi, tumemalizana. Siku hiyo hiyo nafungasha."

Lea aliisukuma sahani yake pembeni. Alijiona Mbalizi, amelala pembeni ya watoto wasiomjua. Akamwona Babu naye, peke yake shambani, akiigeuzageuza simu asiyoweza kuisoma.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia wakati Lea akimimina chai. Aliusoma kimya kimya: "Mzee Kalinga, ni Prisca, katibu wa chama cha wafanyakazi. Kuna kasoro kwenye michango yako ya pensheni. Njoo ofisini Ijumaa saa nne na karatasi zako zote za mshahara. Afisa wa mfuko wa pensheni atakuwepo."

"Nani huyo?" Babu aliuliza.

Lea aliifunika simu kwa kiganja. "Matangazo tu, Babu."

Akaufuta.

Ijumaa ilifika, ikapita. Wiki zikafuatana, na akiba ya Babu ikaisha. Ndipo alipoanza kwenda kupakia mbao kwenye malori, akipanga foleni ya vibarua pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake. Siku ya tatu rundo la mbao liliporomoka na kumponda mguu. Dereva wa bajaji alimrudisha nyumbani akiwa amefungwa bandeji hadi kifundoni.

Lea alimletea maji ya moto na kitambaa. Babu alikuwa ameegemea ukuta, akitazama mlango.

"Miaka yote hii nimelipa ada ya chama," alisema polepole. "Leo hakuna hata mmoja anayenipigia. Mtu akitoka kazini, ni kama amekufa."

Kitambaa kilimponyoka Lea mkononi. Alikuwa amezoea kuiona huzuni ya Babu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba sehemu yake aliileta yeye.

"Hawakukusahau, Babu," alisema huku machozi yakimtoka. "Mama Prisca alituma ujumbe. Walikuita. Mimi niliufuta."

Babu hakumfokea. Lea aliona afadhali angemfokea. Mzee aliusogeza mguu wake uliofungwa, kisha akasema, "Nenda ofisini kwake. Kamwambie mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi."

Lea alitembea peke yake hadi ofisi ya chama, karibu na lango la kiwanda. Prisca alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na misumeno. Lea alimweleza yote bila kuinua macho. Prisca alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua faili na mtandio wake.

"Ulikosea sana," alisema. "Lakini umekuja kwa miguu yako. Twende kwa mzee."

"Kamwene, Mzee Kalinga!" alisalimu mlangoni kwa Kihehe, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Babu alitabasamu. Prisca akaketi na kufungua faili.

"Sikiliza, mzee. Miaka yako ya ukibarua haikulipiwa michango. Kiwanda cha kwanza kukuajiri kilikuandikisha Sedekia Kalinga. Kikakulipia michango ya miezi mia moja thelathini na moja. Ulipohamia kiwanda cha pili, karani akaandika Zedekia Karinga, ukapewa namba nyingine. Huko kuna miezi tisini na mitano."

"Kwani kuna tofauti gani? Wote ni mimi."

"Wewe unajua ni mmoja. Kompyuta inaona watu wawili. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi, unatakiwa kuwa umechangia miezi mia moja na themanini, yaani miaka kumi na mitano. Hakuna kati ya hao wawili aliyefikisha."

Lea alikuwa amechukua daftari na kujumlisha. "Wakiunganishwa ni miezi mia mbili ishirini na sita!"

"Umeona?" Prisca alisema. "Imevuka. Ila tunahitaji ushahidi."

Babu alimwonyesha Lea sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na karatasi za mshahara za miaka mingi, nyingine zimeliwa kona na panya. Kwa siku mbili Lea alizipanga mwaka kwa mwaka. Kazi ilikuwa ya kuchosha, na Babu bado hakuzungumza naye sana. Lea hakulalamika.

Mguu ulipopata nafuu, walisafiri na Prisca hadi Iringa. Basi lilipanda kilima kutoka Ipogolo, bondeni chini ya mji, wakashuka mjini. Kwanza walikwenda kwa wakili kuandika hati ya kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, kisha wakaenda ofisi ya mfuko. Afisa, kijana aitwaye Adrian, alikagua karatasi moja baada ya nyingine, akaitikia kwa kichwa.

"Mzee, utapata sehemu ya mafao kwa mkupuo mwanzoni. Baada ya hapo utalipwa pensheni kila mwezi, maisha yako yote."

Babu aliinama mbele. "Kila mwezi? Si mara moja tu?"

"Kila mwezi."

"Hata nikifika miaka tisini?"

"Hata mia, mzee. Wewe ishi tu."

"Na nisipohama Mafinga?"

"Inaingia benki. Kaa unapopenda."

Walipotoka nje, Prisca alikwenda kununua tiketi za kurudi. Babu aliketi kwenye benchi, akamwita Lea karibu.

"Nilitaka kwenda Kilolo kwa sababu nilidhani fungu likiisha tutakufa njaa," alisema. "Sikuuliza. Nilikaa na ujinga wangu kimya. Na wewe, kwa nini uliufuta ujumbe?"

"Niliogopa kubaki bila wewe," Lea alijibu. "Kule Mbalizi hakuna anayenijua."

Babu alishusha pumzi. "Kumbe tulikuwa nyumba moja, kila mtu anaogopa peke yake."

Baada ya miezi miwili majina yaliunganishwa, na pensheni ya kwanza ikaingia. Babu aliamua kubaki Mafinga. Wenzake wa zamani waliposikia habari zake, walianza kuja mmoja mmoja kuuliza namna ya kukagua michango yao, na Babu aliwaeleza kwa subira. Siku waliyofika vibarua vijana watatu, alimwita Lea aketi naye, akasema:

"Hakikini majina yenu leo, msingoje uzee. Msilolijua, ulizeni, maana mafao yangu nusura yapotee kwa herufi mbili. Na wewe, mjukuu wangu, kumbuka hili: hofu ukiisema, tutaibeba wawili. Ukiificha kwa uongo, itatuumiza wote, na kila mmoja atalia kivyake."

"Nimekuelewa, Babu," Lea alisema, akasogea kuwapa wageni nafasi kwenye benchi.