Jumamosi Kumi na Moja za Akurut

Gari la moshi la Mbale lilikuwa linaondoka wakati gari la kutoka Kenya linaingia stesheni ya Tororo, na Felistus Nasirumbi aliyaona yote mawili kwa macho yake. Aliruka chini kabla behewa la daraja la tatu halijasimama sawasawa, kikapu cha vitambaa alivyotoka kununua Kenya begani, viatu vya kisigino mkononi, gauni lake la maua ya njano likipepea mpaka wapagazi wakaacha mizigo kumtazama. Alikimbia huku akipiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni, jamani!" Behewa la mwisho likapinda kona likapotea.

"Nyabo, bibi yangu, usijichoshe," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Halijawahi kumngoja mtu. Njoo uweke sahihi hapa."

Felistus aligeuka akiwa tayari kutukana. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa, tai nyembamba nyeusi na kalamu tatu mfukoni. Mkono mmoja ulishika ubao wenye karatasi, wa pili kibati cha wino wa muhuri.

"Sahihi ya nini? Mimi nimeachwa na gari, wewe unaniletea karatasi?"

"Ndiyo maana nakuletea. Sisi ni Kamati ya Abiria. Gari la Mbale linaondoka saa kumi na moja, na hili la Kenya ndipo linaingia. Kila Jumamosi watu wanalala kwenye benchi hizi. Tunataka wakubwa wa reli waamuru gari la Mbale lingoje. Nusu saa tu, nyabo."

"Na wewe umeachwa?"

"Mimi ni karani wa kiwanda cha saruji. Sisafiri. Nakuja kuandika wanaoachwa." Akatabasamu. "Patroba Oboth. Unajua kuandika, au nikushike kidole?"

"Kidole changu hakishikwi na mtu nisiyemjua," alisema Felistus, akainyakua kalamu, akaandika jina lake na la duka anakoshona kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye ukurasa ule. Lakini alipopanda basi la mwisho la kurudi Busia alijikuta akicheka peke yake, na shangazi aliyekuwa akimngoja Mbale hakumkumbuka hata kidogo.

Felistus alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Kantilal, Busia, hatua chache kutoka mpakani. Jumatatu ile simu ya duka ililia, na Kantilal akatoa kichwa dirishani akiwa amekunja uso.

"Wewe Felisi! Kuna mtu anataka fundi mwenye macho ya ugomvi."

Alikwenda mbio, sindano mdomoni. "Nani?"

"Ni mtu usiyemjua," ikasema sauti ya Oboth. "Nimepiga ili unijue. Siku hizi vidole hushikwa baada ya simu ngapi?"

"Mwenda wazimu wewe! Hii simu ni ya biashara."

"Basi nishonee shati."

Alimshonea shati. Akamshonea la pili. Akamtengenezea na leso nyeupe yenye ua dogo la buluu kwenye pembe, ambalo lilimchukua siku mbili, na siku hizo wateja wakangoja. Oboth alikuja Busia kila Jumapili baada ya kanisa, wakala samaki wa Majanji, kwao Felistus ziwani, hotelini, akamwita roho yangu, malkia wa cherehani, na mara moja, kwa sauti ya chini sana, mama watoto. Siku za kazi alipiga simu mpaka Kantilal akaanza kusema tu, "Felisi, saruji."

Tatizo lilikuwa Jumamosi.

"Jumamosi kuna dansi hapa," Felistus alimwambia kwenye simu. "Watu wote wanakuja na watu wao."

"Jumamosi siwezi, kipenzi. Niko stesheni."

"Kila Jumamosi? Kamati haina mtu mwingine?"

"Ndiyo siku watu wanaachwa wengi. Vumilia. Mwezi ujao mkubwa mmoja wa reli anakuja kutoka Kampala, tumkabidhi majina, yaishe."

Sasa, tusimfichie Felistus. Alikuwa na wivu, na hakuanza nao kwa Oboth. Utotoni dada yake akishonewa gauni, yeye alisusa chakula. Na kando yake barazani alikaa fundi mwenzake, Edah, mwanamke wa upande wa Kenya ambaye alipenda kuona moto ukiwaka kwa jirani.

"Mwanamume amekunyima Jumamosi miezi miwili," alisema Edah akikata uzi kwa meno. "Felistus, huyo ana mke Tororo. Wewe ni wa Jumapili."

"Yuko na kamati."

"Ee. Na kamati yenyewe inavaa gauni la gomesi."

Jumamosi iliyofuata Felistus alipanda basi bila kumwambia mtu. Alifika stesheni ya Tororo gari la Kenya likishusha watu, akajibanza nyuma ya marobota ya pamba. Alimwona Oboth haraka; shati lile alilishona yeye. Alikuwa ameinama mbele ya mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, gomesi ya zambarau imefungwa vizuri kiunoni. Oboth alikuwa ameshika kidole gumba cha mwanamke yule. Alikichovya kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, akakiviringisha taratibu, kisha akatoa leso mfukoni, akakipangusa. Leso yenye ua la buluu.

Mwanamke alisema kitu. Oboth akamwekea mkono begani.

Felistus alirudi Busia na basi lile lile lililomleta. Jumapili Oboth alipokuja alimkuta anaumwa kichwa, Jumapili ya pili pia kichwa, na yeye, maskini, akamletea vidonge.

"Una nini, roho yangu?"

"Sina kitu."

"Nimekukosea?"

"Wewe ndiye unayejua."

Angeuliza tu! Lakini mwenye wivu hataki kujibiwa, anataka kuhakikisha. Na nafasi ya kuhakikisha ililetwa na Oboth mwenyewe. Jumatano ya wiki ile ambayo mkubwa wa reli angefika, alishuka kwenye basi na bahasha nene, akaiweka juu ya cherehani.

"Majina mia sita na arobaini," alisema, uso umejaa fahari. "Hatuwezi kumpa mtu mkubwa karatasi zimetawanyika kama za kufungia karanga. Nishonee, Felistus. Uzi mara mbili, jalada la kitambaa kigumu cha khaki. Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa stesheni nakungoja. Hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwamini nazo."

Alipoondoka, Felistus alizipanga. Aliona jina lake, herufi kubwa, mara moja. Aliwaona wakulima, wauza samaki, walimu. Kila mtu mara moja, au mara mbili. Halafu akafika kwenye ukurasa mmoja uliokuwa na jina moja tu, kutoka juu mpaka chini, kwa mwandiko mzuri wa Oboth. Akurut. Akurut. Akurut. Mara kumi na moja, na kando ya kila jina alama ya kidole na tarehe. Alichukua kalenda ya duka akazilinganisha. Zote zilikuwa Jumamosi.

Jumamosi zake! Zile alizokaa barazani akisikia dansi kwa mbali, huyu bwana alikuwa anashika kidole kimoja na kuandika jina moja kama mtoto wa shule aliyependa mara ya kwanza.

"Nilikwambia," alisema Edah, akichungulia begani.

Pasi ya makaa ilikuwa mezani, imekolea. Felistus aliifungua mdomo, akausukuma ukurasa ndani, akafunga. Moshi ulitoka matunduni, mwembamba. Kisha akazishona karatasi zilizobaki kwa uzi mara mbili, akapiga jalada, na kazi ilikuwa safi kuliko yoyote aliyowahi kufanya.

Alhamisi saa tatu Kantilal akaita, "Felisi, saruji."

"Malkia, umemaliza?"

"Nimemaliza." Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nilisahau jambo moja. Ukurasa wa Akurut usiuweke katikati. Uweke wa kwanza kabisa, mkubwa akifungua auone."

Felistus alicheka, kicheko kibaya. "Wa kwanza? Unampenda mpaka huko?"

"Kumpenda nani? Felistus, huyo mama mtoto wake amelazwa Mbale, mguu umevunjika mara mbili. Anaosha vyombo hoteli moja pale Malaba, wanamwachia Jumamosi mchana tu. Kila Jumamosi anapanda gari, kila Jumamosi anakuta la Mbale limekwenda, Jumapili anarudi kazini. Kwetu kila unapoachwa unaandikwa upya, na tarehe. Ndiyo sheria ya kamati. Majina mia sita wanaweza kusema tumeyabuni. Ule ukurasa hawawezi." Akashusha sauti. "Jumamosi moja alilia nikimpangusa wino. Alisikia mtoto ameanza kumwita nesi mama. Haloo? Felistus?"

Kupitia dirishani Felistus aliiona ile pasi ya makaa mezani.

"Nakusikia," alisema. "Utakuwa wa kwanza."

Aliiacha cherehani wazi. Alipanda basi la Tororo, akapanda lori la chumvi mpaka Malaba, akauliza hoteli baada ya hoteli mpaka akaonyeshwa uani, ambako mwanamke mrefu alikuwa amechutama mbele ya sufuria nyeusi, mikono ndani ya majivu mpaka kwenye viwiko. Kwa karibu alionekana amechoka. Na bado alikuwa mzuri, jambo ambalo Felistus aliliona na likamuuma hata wakati ule.

"Wewe ndiye Akurut?"

"Ni mimi. Karibu, dada. Unatafuta chakula?"

Njiani alikuwa amejitengenezea uongo mzuri, wa mvua na paa linalovuja. Hakuutumia. "Ukurasa wako wa kamati haupo. Niliuchoma mimi. Nilidhani wewe na Oboth..."

Akurut aliweka sufuria chini polepole. Alimtazama Felistus kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mimi nakwenda kwa mtoto," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokotea njiani, "wewe nasema nakwenda kwa bwana yako?"

"Nisamehe."

"Bwana yako! Ile mwenye kalamu tatu!" Akurut aliguna. Halafu macho yake yakajaa machozi ya hasira. "Kumi na moja, dada. Kumi na moja nakaa pale kwa benchi. Wewe nachoma mara moja tu."

Felistus alipiga magoti kwenye majivu na gauni lake zuri. "Zote zilikuwa Jumamosi. Nimeleta kalenda, nimeleta wino. Nikumbushe tu. Tuziandike tena."

Akurut alimaliza kwanza kusuuza sufuria. Ndipo akaanza kusema. Tangu Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, zote, isipokuwa moja tu, ile ya mvua kubwa, gari la Mbale lilipochelewa kuondoka akalipata. Jumamosi ile mtoto alikula mayai matatu. Felistus aliandika, na kwa kila tarehe alikishika kile kidole kirefu, kikavu, kilichopasuka kwa sabuni na majivu, akakibonyeza.

"Moja bado," alisema Akurut baada ya alama ya mwisho. "Utamwambia bwana yako wewe mwenyewe. Hapana kuficha. Kesho mimi naomba ruhusa kwa tajiri, nakuja Tororo, na kama hujasema, nasema mimi."

Usiku ule Felistus alifumua uzi, akaushona ukurasa mpya mbele kabisa. Ijumaa saa nne stesheni ilikuwa imejaa watu waliovaa nguo za kanisani. Oboth alikuwa amevaa koti la kijivu. Alilipokea lile jalada la khaki kwa mikono miwili, akafungua, akatabasamu. Kisha tabasamu likapungua.

"Huu si mwandiko wangu."

"Ni wangu," alisema Felistus. "Wako niliuchoma kwenye pasi. Nilikuona Jumamosi ile ukimpangusa kwa leso yangu. Nikadhani ni mwanamke wako. Tarehe ni zile zile, na vidole ni vyake kweli. Nilikwenda Malaba nikamwomba."

Alitegemea angepiga kelele. Oboth hakupiga kelele.

"Ungechoma mashati, ningecheka," alisema. "Huyu mama hana kitu kingine, Felistus. Ana ukurasa huo tu."

Akageuka, akaenda kumlaki mkubwa wa reli. Felistus alisimama nyuma kabisa, akamwona yule Mzungu mwenye miwani akifungua jalada, akisoma ukurasa wa kwanza, akiuliza Akurut ni nani. Akurut alisogea mbele, akaonyesha kidole chake ambacho bado kilikuwa na wino. Alizungumza kwa Kiswahili chake, bila kuogopa. Watu hawakusikia yote, ila walisikia hesabu, moja mpaka kumi na moja.

Baada ya wiki mbili tangazo lilibandikwa: Jumamosi, gari la Mbale litangoja la Kenya. Si siku nyingine, Jumamosi tu. Tororo nzima ilishangilia. Huku Busia, simu ya Kantilal ililia kwa ajili ya sukari, mafuta ya taa, misumari, na kila ilipolia Felistus alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asionekane anasikiliza.

"Mwache aende," alisema Edah. "Wanaume ni wengi."

"Edah," alisema Felistus, "shona."

Jumamosi ya nne baada ya tangazo, mchana, kivuli kiliangukia kitambaa alichokuwa anakata. Alitambua viatu kwanza.

"Leo Jumamosi," alisema Felistus bila kuinua kichwa. "Huna kamati?"

"Gari linangoja. Hakuna wa kuandika." Oboth alikuwa amevua tai. "Nimekaa nyumbani Jumamosi tatu nikikukasirikia, na imenishinda. Akurut akirudi Jumapili ananiuliza, 'Yule dada wa magoti iko wapi?'"

Felistus aliweka mkasi chini. "Sitakudanganya. Wivu wangu haujaisha. Hata sasa hivi ulipomtaja nimesikia moto hapa." Akagusa kifua. "Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Wivu ukinishika tena, nitakuja kukuuliza wewe kabla sijashika kitu chochote."

"Basi uliza."

Edah aliacha kukanyaga cherehani.

"Ni mzuri, yule Akurut?"

"Mzuri sana," alisema Oboth, bila kupepesa macho.

Lilimchoma. Lakini lilikuwa jibu la mtu asiye na kitu cha kuficha, na ndani ya maumivu yale Felistus alihisi amepumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya marobota ya pamba.

"Na mimi nina langu," alisema Oboth. "Baba yako bado yuko Majanji?"

"Yuko. Kwa nini?"

"Kuna basi saa nane. Nataka nimwone leo hii, kabla hatujagombana tena. Nimwambie nimempata mke mwenye macho ya ugomvi, kama mwenyewe atanikubali."

Kantilal alikuwa ametoa kichwa dirishani. Edah alikuwa ameshika mdomo. Felistus alifunika cherehani, akavaa viatu, akajipangusa nyuzi kwenye gauni akichelewa makusudi, machozi yakimlengalenga.

"Nimekubali," alisema. "Lakini kwenye basi utakaa dirishani. Upande wanakopita wanawake nakaa mimi."