Nakijwa na Figa la Kwanza

Nakijwa ana miaka mitano. Leo anahama.

Kule bondeni, mvua ya masika iliingia ndani ya nyumba yao. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka kitandani. Basi Baba akajenga nyumba nyingine, juu kwenye milima ya Upare.

Ko, ko, ko! Punda anavuta mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna kitanda, kuna masufuria, kuna kuku wawili. Kuna na mafiga, yale mawe matatu ya kupikia. Nyumba ikihama, mafiga nayo huhama.

Mama anatembea nyuma, kambeba Senkondo mgongoni. Senkondo ni mdogo wake Nakijwa. Kusema bado hajui. Kulia anajua sana.

Nakijwa ameshika upindo wa kanga ya Mama.

"Mama, kule juu nani ananijua?"

"Bado hakuna, mwanangu."

"Hata mti?"

"Hata mti. Sisi ni wageni. Mgeni akifika hufanyaje?"

"Anabisha hodi!"

"Haya. Tukifika, utubishie hodi."

Wakafika. Nyuma ya nyumba palikuwa na mkuyu mkubwa. Nakijwa akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtoto mwenye adabu.

"Hodi, hodi! Mimi ni Nakijwa.
Tumekuja kukaa nanyi. Mtatupokea?"

Shwaaa, mkuyu ukatikisika. Jani moja likadondoka, likatua kichwani pake.

Nakijwa akaenda kwenye mfereji wa maji.

"Hodi, hodi! Mimi ni Nakijwa.
Tumekuja kukaa nanyi. Mtatupokea?"

Chororo, chororo. Maji yakampitia katikati ya vidole vya miguu. Yalikuwa ya baridi. Nakijwa akacheka.

Akaenda kwenye jiwe kubwa lililo kando ya njia.

"Hodi, hodi! Mimi ni Nakijwa.
Tumekuja kukaa nanyi. Mtatupokea?"

Jiwe likanyamaza. Nakijwa akalilalia kifudifudi. Lilikuwa na joto, kama mgongo wa Mama.

Akarudi mbio nyumbani. "Mama, hakuna hata mmoja aliyeniambia karibu!"

"Usiwe na haraka," Mama akasema. "Wanatutazama kwanza."

Jua likaanza kushuka. Senkondo akaanza. "Ngaa! Ngaa! Ngaa!"

"Huyo anataka uji," Baba akasema. "Nakijwa!"

"Abee, Baba!"

"Njoo uweke figa la kwanza."

Nyumbani kwao, figa la kwanza huwekwa na mtoto. Mtoto huchagua mahali. Kisha Baba huweka mawili yaliyobaki, na moto huwashwa.

Nakijwa akabeba figa dogo kuliko yote. Hata hivyo lilikuwa zito. Tumbo mbele, mashavu yamejaa pumzi, akaingia nalo kwenye kibanda cha jiko.

Akatazama chini. Hapa pana shimo. Hapa pana mzizi. Na hapa?

Hapa palikuwa laini! Palikuwa na kijia chembamba, kisafi, kama kimefagiliwa.

"Wamenifagilia!" Nakijwa akasema.

Tup! Akaliweka figa lake pale pale.

Baba akaweka la pili. Tup! Akaweka la tatu. Tup! Mama akapanga kuni. Baba akatoa kiberiti mfukoni.

Tititi, tititi, tititi.

Nakijwa akainama. Ni nani hao?

Ni sisimizi! Walikuwa wengi, wadogo, weusi, wamejipanga mstari. Kila mmoja amebeba kitu. Huyu punje. Yule kipande cha jani. Na yule wa nyuma amebeba yai jeupe, kubwa kuliko kichwa chake.

Wa kwanza akafika kwenye figa. Akasimama. Akaenda kushoto. Akaenda kulia. Akapanda juu, akashuka kwenye kuni. Na wenzake wote wakamfuata kwenye kuni!

"Baba, usiwashe!" Nakijwa akapiga kelele.

Baba akashtuka, kiberiti kikamponyoka.

"Kuna nini?"

"Nimeweka figa kwenye njia ya watu!"

Baba akachuchumaa. Akatazama. "Hao? Hao ni sisimizi tu. Nikipuliza hivi, fuu, watahama."

"Baba, sisi tumehama na mkokoteni. Wao wana mkokoteni?"

Mama akacheka mpaka Senkondo akanyamaza kumtazama.

Lakini Nakijwa hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mti nimeusalimia," akasema. "Mfereji nimeusalimia. Jiwe nimelisalimia. Hawa wa chini nimewasahau. Na wamebeba watoto wao, Baba."

Baba akajikuna kidevu. "Sasa tutafanyaje? Figa la kwanza halihamishwi. Ndivyo tulivyokuta."

"Halihamishwi likishapikiwa," Mama akasema. "Hili tumelipikia nini?"

Baba akamtazama Mama. Akamtazama Nakijwa. Akawatazama sisimizi, wanavyopanda na kushuka, wanapanda na kushuka.

"Ilipofika zamu yetu ya kukimbia maji kule bondeni," Mama akasema taratibu, "wewe ndiye uliyembeba Nakijwa majini. Ukambeba juu ya kichwa, kama huyo na yai lake."

Baba akainama. Akachukua ukuni mmoja. Akauinua polepole, akautikisa kidogo, sisimizi wakashuka. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu.

"Haya, mwenye figa," akasema. "Chagua tena. Na safari hii ubishe hodi mpaka chini."

Nakijwa akapiga magoti. Akaweka shavu karibu na udongo. Akasema kwa sauti ndogo, maana wenyewe ni wadogo.

"Hodi, hodi. Mimi ni Nakijwa.
Tumekuja kukaa nanyi. Mtatupokea?"

Akangoja. Akatazama huku, akatazama kule. Kando ya ukuta hapakuwa na njia ya mtu. Palikuwa na vumbi tu.

"Hapa, Baba."

Tup! Tup! Tup! Mafiga yakahama.

Na sisimizi? Tititi, tititi, tititi. Mstari ukanyooka. Wakapita na punje zao, na majani yao. Wa mwisho kabisa akapita yule mwenye yai.

Nakijwa akampungia mkono.

Baba akawasha kiberiti. Moto ukashika. Uji ukachemka, bwata, bwata, bwata. Senkondo akanywa, akajipaka hadi masikioni.

Mama akachukua unga kidogo kwa ncha za vidole, akaunyunyiza kando ya kijia.

"Wa nini huo?" Baba akauliza.

"Wa majirani," Mama akasema.

Giza likaingia. Nakijwa akalala kwenye mkeka, karibu na mlango wa jiko. Mama akamfunika kanga.

Nje, mkuyu ulisema shwaaa. Mfereji ulisema chororo, chororo. Jiwe lilinyamaza, kama kawaida yake.

"Mama, sasa wanatujua?"

"Wameanza kutujua."

"Lakini bado hawajasema karibu."

"Lala, mwanangu."

Nakijwa akafumba macho. Mara akasikia kitu kinamtekenya kidoleni. Akafumbua jicho moja.

Kwenye mwanga wa moto, alimwona sisimizi mmoja, peke yake. Amebeba chembe nyeupe ya unga. Alikuwa amesimama kwenye ukucha wa Nakijwa, anatingisha vipembe vyake.

Nakijwa hakusogeza hata kidole.

"Karibu," akamnong'oneza. "Pita tu. Mimi ni Nakijwa. Nakaa hapa."

Sisimizi akapita.

Na Nakijwa akalala usingizi.